Cheti na Mkono

Dominika moja, baada ya Misa, mzee mmoja wa upande wa Kabambare alitungojea mlangoni pa kanisa, kofia mkononi. Tulipomwamkia alisema, "Mwalimu, nina neno, wala si neno la kusema tukisimama." Basi tukaketi naye chini ya mwembe, akatueleza habari zake.

Mwanawe alimaliza miaka mitatu ya masomo ya kompyuta katika chuo kimoja cha juu. Sasa ni mwaka wa pili yuko Kasongo, anatumika katika ofisi moja ya mambo ya afya. Anatengeneza mashine zilizokufa, anaingiza hesabu za zahanati, tena ametunga programu ndogo ya kuhesabu dawa zinazoingia na kutoka katika depo. Posho yake ni ndogo, na miezi mingine haifiki. Mjomba wake aliye Lubumbashi ametuma habari: "Kijana arudi shuleni miaka miwili, apate cheti kikubwa. Bila cheti kikubwa hatakuwa mtu." Kijana mwenyewe hakukataa, wala hakukubali. Na fedha za kumrudisha shuleni ziko mahali pamoja tu, katika shamba la michikichi la mzee. Shamba hilo hilo ndilo linalolipa masomo ya binti yake mdogo, aliyebakiza miaka miwili apate Diploma ya Serikali.

"Mwalimu," akauliza, "niuze au nisiuze?"

Siku ile hatukumjibu. Tulimwomba arudi baada ya juma moja. Tuliogopa, na si haki kuwaficha wasomaji sababu ya hofu yetu.

Miaka kadhaa iliyopita baba mwingine alituuliza swali hilo hilo. Sisi, tuliolelewa seminarini na kuzoea kuheshimu kitabu kuliko jembe, tulijibu upesi: uza, elimu ni mali isiyoibwa. Akauza mbuzi wote na kiwanja kimoja. Mwanawe akasoma kompyuta miaka mitano. Lakini kule alikosoma umeme ulikuwa wa kubahatisha na mashine zilikuwa chache. Programu ziliandikwa kwa chaki ubaoni, wanafunzi wakazinakili katika daftari. Aliporudi na cheti chake, alipewa mashine moja iliyokataa kuwaka. Aliizunguka kama mtu aonaye nyoka. Hakuitwa tena. Leo yuko katika machimbo ya dhahabu huko Salamabila, anaosha mchanga pamoja na vijana wasiowahi kuliona darasa la sita. Cheti ni chake, aibu ikawa yake, lakini shauri lilikuwa letu.

Kwa hiyo juma lile tulijaribu kulipima jambo hili taratibu, kama ipasavyo. Na kwa kuwa wazazi wengi wa Kasongo na Kabambare wana swali hilo hilo nyumbani, twawaandikia hapa tuliyoyaona.

Kwanza tujiulize, kazi ya kutunga programu ni elimu ya namna gani? Aristotle, mwanafilosofia wa Wagiriki, mwanzoni mwa kitabu chake cha Metafizikia, aliwapima watu wawili. Mmoja amezoea kutibu: ajua kwamba dawa hii ilimponya fulani na fulani. Mwingine amejifunza ajua kwa nini dawa hiyo huponya wagonjwa wa namna ile wote. Aristotle akakiri waziwazi kwamba mara nyingi katika kutenda yule mzoefu hufaulu kuliko msomi asiye na mazoea, maana anayetibiwa ni mtu fulani, aliye na jina na mwili wake. Hata hivyo akampa heshima kubwa zaidi yule ajuaye sababu, kwani huyo aweza kuwafundisha wengine.

Kijana wa mzee wetu alituonyesha ukweli huo bila kusoma Metafizikia. Programu yake ya dawa ilienda vizuri miezi ya kwanza. Maandishi yalipokuwa mengi, mashine ikawa mzito: mwuguzi anauliza habari ya dawa moja, anangoja hata anachoka. Kijana akadhani mashine imezeeka. Kumbe programu yake ilikuwa ikitafuta kwa kupitia kila mstari tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi wa parokia twaijua taabu hiyo. Mtu akija kutafuta jina lake katika kitabu cha ubatizo, asijue mwaka, twafungua ukurasa baada ya ukurasa. Lakini kama kuna orodha iliyopangwa kwa alfabeti, twafungua katikati. Jina likiwa mbele twaacha nusu ya nyuma, twagawanya tena katikati, na tena. Majina elfu moja huhitaji kufungua mara kumi tu hivi. Kijana alifundishwa jambo hilo chuoni. Alilijibu katika mtihani, akalisahau. Siku mwuguzi aliponung'unika ndipo alipolikumbuka, akafungua daftari lake la zamani, akaitengeneza programu. "Siku ile," alituambia, "ndiyo siku niliyolisoma somo lile."

Basi tusimdharau mwalimu wa chuo. Bila daftari lile kijana angaliomba mashine mpya, na ofisi ingalitumia fedha bure. Lakini pia bila manung'uniko ya mwuguzi daftari lingaliliwa na mchwa. Wazee wa pwani walikwisha kusema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Kasongo yenyewe inao ushahidi mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 palikuwa hapa kazi ya afya iliyojulikana ulimwenguni kwa jina la mji wetu, iliyofanywa pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji. Mwaka 1981 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilichapa uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Waliuliza swali gumu: mtoto aliyeokolewa na surua ameokoka kweli, au ugonjwa mwingine huja baadaye ukamchukua? Wataalamu walibishana juu ya jibu lao kwa miaka mingi. Ili kuuliza swali hilo ilibidi wawepo watu wa kuandika jina la mtoto na habari za uhai wake bila kuchoka. Hiyo ni kazi ya mkono na ya uaminifu. Ilibidi pia wawepo watu wa kuzisoma tarakimu na kuziuliza. Hiyo ni kazi ya masomo. Upande mmoja ukikosekana, vitabu vile vingebaki karatasi tu.

Pili tujiulize, cheti ni nini hasa? Twaona kwamba cheti ni shahidi. Mtu asiyekujua hawezi kuiona kazi ya mikono yako, basi humwuliza shahidi anayemwamini, ndiye chuo. Kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali na watu wanaokujua, ndivyo cheti kinavyopata nguvu. Hapa Kasongo fundi wa pikipiki haulizwi karatasi. Watu wameona pikipiki zake zikienda. Lakini Serikali humpanga mtumishi kwa cheti chake: huyu D6, huyu A1, huyu A0, na mshahara hufuata herufi hizo. Anayetaka kuajiriwa na Serikali, au kufundisha katika chuo, asijidanganye kwamba ufundi peke yake utamfungulia mlango.

Hapo wazazi waangalie jambo moja. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vya nchi yetu vilianza kuingia katika utaratibu mpya: lisansi miaka mitatu, kisha masta miwili, kisha udaktari. Zamani graduat ilikuwa miaka mitatu na lisansi miwili juu yake. Jina "lisansi" basi si kitu kimoja kwa aliyesoma zamani na anayesoma sasa. Mjomba anaposema "cheti kikubwa", mzazi aulize kwanza, ni kipi? Na chuo kitahesabuje miaka ambayo kijana amekwisha kusoma? Watu wengine wamelipa mwaka mzima kwa sababu hawakuuliza swali la dakika tano.

Kuna na vyeti vya namna nyingine, vinavyotolewa na kampuni zenyewe zinazotengeneza mashine na programu. Cheti cha Cisco cha mambo ya mitandao, kiitwacho CCNA, hudumu miaka mitatu. Kisha ni lazima kukipyaisha. Mitihani ya namna hii hulipwa kwa dola. Hatusemi ni vibaya. Mtu aliyekwisha kupata kazi ya mitandao, na bwana wake anamtaka awe na cheti hicho, akitafute. Lakini kukinunua kabla ya kazi, ukingojea kazi ije, ni kununua mwavuli Juni ukiogopa mvua ya Oktoba, na panya wamo nyumbani.

Sasa, kazi ya programu ina jambo moja ambalo kazi nyingine hazina. Nyumba aliyoijenga mwashi wa Kabambare haiwezi kuchukuliwa ionyeshwe Nairobi. Programu yaweza. Kazi yenyewe yasafiri, nayo yajishuhudia. Mwezi wa Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika machafuko baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo kwamba watu waweze kuandika katika ramani mahali palipotendwa ukatili. Kwa siku chache David Kobia na wenzake wakatunga programu, wakaiita Ushahidi. Mwaka ule ule wa 2008 ilitumiwa hata kwa habari za vita vya mashariki ya nchi yetu. Walioitumia hawakuuliza vyeti vya waliotunga. Waliona kwamba inafanya kazi. Lakini tuwe wa haki: Ory Okolloh alikuwa amesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Masomo yake hayakumzuia kutenda, yalimsaidia kuona la kutenda.

Naye Linus Torvalds wa Finland alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Hakuacha shule kwa ajili ya kazi, wala hakuacha kazi kwa ajili ya shule. Tasnifu aliyomalizia masomo yake ilikuwa juu ya Linux yenyewe. Watu hupenda kutaja matajiri walioacha chuo, kama Bill Gates aliyetoka Harvard mwaka 1975. Wasisahau kwamba alitoka akiwa na kazi mkononi, na jamaa zenye uwezo nyuma yake. Mwana wa mkulima akiruka, chini hakuna godoro.

Je, mazoea yapatikana kwa urahisi? Hapana, na hapo ndipo uchungu wa vijana ulipo. Mwaka 2014 ilianzishwa huko Lagos kampuni iitwayo Andela, ikafika Kenya na Uganda pia. Iliwachagua vijana wenye akili, ikawafundisha kazi ya programu huku ikiwalipa, ikawatuma watumikie kampuni za ng'ambo. Mwezi wa Septemba 2019 ilitangaza kwamba itaachana na vijana kama 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya, wale waliokuwa bado wachanga katika kazi, kwa kuwa wateja walitaka wazoefu. Waliobaki njiani walikuwa na akili na masomo. Walichokosa ni miaka. Na sasa, tangu mashine za akili bandia zilipoenea mwishoni mwa 2022, kazi ndogo ndogo walizopewa wanaoanza, nazo zafanywa na mashine. Mlango wa kwanza umekuwa mwembamba zaidi. Kwa hiyo kijana wa mzee wetu, mwenye posho haba, anacho kitu ambacho wasomi wengi wa mijini wanakitafuta bila kukiona: watu halisi wanaomtegemea, na kosa halisi la kusahihisha kila juma.

Lakini tusiifanye kazi kuwa sanamu. Mtu aliyesafiri Kasongo hadi Kindu mara mia, ameijua njia ya Kindu. Njia ya Kabambare hajaijua bado. Kijana akiingiza tarakimu miaka kumi bila kujifunza jipya, hana mazoea ya miaka kumi. Anao mwaka mmoja alioukariri. Na kuna ubaya mkubwa zaidi. Wako waajiri wanaomwambia kijana, "Unajifunza hapa, huo ndio mshahara wako." Neno hilo ni dhuluma. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba thamani ya kazi yatoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Kama ni hivyo, mtu huyo hula, huugua, na ana wazazi. Maandiko nayo yasema wazi kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Hapa nasi wa parokia tujipige kifua. Ni mara ngapi tumemwita kijana atengeneze mashine ya ofisi siku nzima, tukamrudisha kwa asante na ndizi mbili?

Tatu, na hili ndilo swali tulilolisahau kwa yule baba wa kwanza: nani analipa? Mtakatifu Tomaso wa Akwino hutenga ufundi na busara. Ufundi ni akili nyofu katika kutengeneza vitu, busara ni akili nyofu katika kutenda. Kama kijana anafaa kusoma zaidi ili awe fundi bora, fundi mwenzake aweza kujibu. Lakini kama shamba liuzwe, fundi hana jibu. Swali hilo ni la busara na la haki. Shamba lile si la kijana peke yake. Ndani yake mna karo ya dada yake, mna na uzee wa baba na mama. Cheti cha tatu cha kaka chaweza kuwa kizuri, lakini cheti cha kwanza cha dada ni cha lazima. Kumtoa binti shuleni ili kaka apate herufi moja juu ya nyingine ni kumvua aliye uchi ili kumwongezea koti aliyevaa.

Wakristo wa zamani wa ziwa Tanganyika walimjua Adriani Atiman wa Karema. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, akatekwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe katika jangwa la Sahara. Wakampeleka Malta, akasomea uganga miaka ya 1880. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa katekista na mganga, akatumika hapo mpaka kufa kwake mwaka 1956. Masomo miaka michache, kazi zaidi ya sitini. Twamtaja kwa sababu ya kipimo hicho. Masomo aliyopewa yalikuwa mbegu. Wagonjwa wa Karema ndio waliokuwa shamba. Na elimu yake haikulipwa kwa kumnyima ndugu yake.

Mzee aliporudi, alikuja na mwanawe. Tukamwambia, "Mzee, mwaka huu usiuze. Lakini kijana asiache kusoma." Tukaeleza maneno manne.

La kwanza, aandike katika daftari kila jambo ambalo kazi imemshinda. Maswali yale ndiyo yatakayosema ni masomo gani anayoyahitaji. Akirudi chuoni siku moja, arudi na daftari hilo. Mwenye njaa hula, aliyeshiba huchezea chakula.

La pili, adai karatasi ya kazi yake. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, yamwagiza mwajiri ampe mfanyakazi, mkataba unapokwisha, cheti chenye namna ya kazi aliyoifanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Vijana wengi huona haya kukiomba, kisha baadaye hawawezi kuthibitisha hata siku moja ya jasho lao.

La tatu, azungumze na mkuu wa ofisi juu ya posho, kwa heshima, na akitaka tutakwenda naye.

La nne, miaka miwili ikiisha, binti akiisha kupata Diploma yake, wapime tena. Na safari hiyo kijana alete sehemu ya fedha kwa mkono wake mwenyewe.

Kijana alikuwa akitazama chini. Kisha akasema, "Baba, mimi nilitaka kwenda. Sikutaka kukuambia kwamba nilitaka, kwa sababu ya shamba." Mzee alinyamaza kitambo. Akamjibu, "Na mimi nilitaka uende. Sikutaka kukuambia naogopa." Hatukuwa na la kuongeza. Mjomba wa Lubumbashi amekasirika mpaka leo, na yawezekana yeye ndiye mwenye haki. Miaka miwili ni mingi kwa kijana, na mlango ulio wazi leo waweza kufungwa. Shauri la busara si unabii.

Lilibaki deni letu. Yule wa machimbo alipokuja kumzika shangazi yake, tulimwendea tukamwomba radhi kwa shauri tulilompa baba yake bila kuuliza lo lote: wala mashine ni ngapi huko chuoni, wala nani atalala njaa nyumbani. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Mwalimu, karatasi ninayo bado," akasema. "Nimeitia katika plastiki, isiingie maji."

Tunaposikia sasa mzazi akiuliza, niuze au nisiuze, karatasi ile katika plastiki yatujia mbele ya macho. Ndipo twauliza kwanza, kabla ya kujibu.